Salamu kwenye laptop ya Masunga

Dorkasi mbona hupokei simu? Basi naandika tu.

Ile laptop ya gemu ya marehemu kaka Masunga, si nilimpelekea fundi Mayala jana aifute, aweke Windows mpya? Akaniuliza, Home au Pro? Nikasema Home. Akaniambia kwa gemu inatosha, Pro ni ya maofisini, ina njia ya mtu kuingia akiwa mbali.

Sasa asubuhi hii nimeiwasha, mama yuko pembeni anachambua mchele. Mshale ukatembea wenyewe. WENYEWE! Ukafungua ukurasa mweupe, herufi zikatoka moja moja: "Mwangaluka, mayu."

Salamu ya asubuhi kwa mama, Kisukuma kabisa. Kwa MAMA, Dorkasi. Siyo kwangu.

Mama akaweka ungo chini. Eti salamu haiachwi bila kujibiwa. Akaandika kwa kidole kimoja: "Mwangaluka, baba." Vilevile alivyokuwa akimwitikia Masunga.

Nikampigia Mayala, nikamfokea. "Umeweka Pro ili uingie umchezee mama yangu!"

Akasema, "Dada, niliweka Home. Home haina huo mlango. Kwanza hapo kwenu umeunganisha intaneti?"

Nikaangalia. Home. Na intaneti sijaunganisha hata mara moja.

Nikataka kuizima. Mama akanishika mkono, akavuta kiti akakaa. Anasema nisiguse kitu, salamu haijaisha, bado hajaulizwa habari za ng'ombe.