Wakimbizi Wanataka Kura

Bupe, rafiki yangu,

Limeondoka! Lori limeondoka na maharage yetu yote na mahindi yetu yote, na mbele kabisa, juu ya bampa, wamefunga kitambaa chako. Nimelikimbiza barabara ya Mbeya mpaka pumzi zikaniishia, napiga vigelegele kama mwehu. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa duka akijifanya hanijui. Sasa nimekaa nyuma ya duka, na wa kumsimulia ni wewe tu.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja kununua sabuni, ukakuta redio yetu inataja watu wa Rwanda wanaovuka kuingia Ngara na watoto wao, mikono mitupu. Sabuni ukaisahau. Ukasema, "Zuhura, huku ndizi zinaoza migombani, kule watu wanakufa njaa?" Nikakujibu kwamba ndizi zetu zikifika Ngara zitakuwa pombe. Ukacheka, ukasema basi maharage. Kesho yake ulikuwa umeshaisumbua kwaya nzima, nami nikawachokoza wenzangu wa madrasa, tukazunguka Suma na Mpuguso, mlango hadi mlango. Watu walitoa, Bupe, hata wale tuliodhani watatufukuza.

Kilichokosekana ni gari. Huku tuliambiwa tusubiri maelekezo, kule tuliambiwa mkubwa yuko safarini, na maharage yakaanza kutobolewa na wadudu. Ndipo ukasema mbunge anakuja kuhutubia, tumkabili mbele za watu, hapo hatapata pa kutokea. Ukachukua kitambaa cha marekani dukani kwetu ukaandike bango mwenyewe.

Halafu malaria. Ikakupanda kichwani, na kabla hatujajua tuogope kiasi gani, tukawa tunakuzika kwenye migomba ya baba yako, na mvua yetu hii isiyojua msiba inatunyeshea wote. Sitaki kuandika zaidi hapo. Siwezi.

Baada ya matanga mama yako akanipa kile kitambaa. Nikakikunjua. Herufi kubwa nyekundu, mwandiko wako: WAKIMBIZI WA RWANDA WANATAKA KURA.

Nilicheka, Bupe! Nililia na nikacheka, mama yako akaja kuniangalia kama niko salama. Ni "kula" ulitaka kuandika, najua. Tangu darasa la tatu nilikuwa nakutania kwa "Lungwe" yako na "balabala" yako, maana kwenu R na L ni mtu na pacha wake. Wewe ukaamua kunikomesha, ukawa unatia R kila mahali, hata ukaja dukani kuomba sukari kiro moja. Mwenyekiti wa kwaya akataka tuipake rangi ile herufi moja, tuandike upya. Nikamwambia atakayeigusa atanitambua. Mkono wako ule, nani aufute?

Basi siku ya mkutano tukalisimamisha bango mbele ya jukwaa. Mheshimiwa akalisoma kwa sauti, tena kwenye kipaza sauti. Unajua tena, vyama vimekuwa vingi, uchaguzi ni mwakani, neno kura linawatoa jasho. "Wakimbizi wanataka kura? Nani anawadanganya vijana hawa? Kura ni ya raia!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikatamani nijifunike hilo bango. Yote tuliyoyahangaikia niliyaona yanaondoka na kicheko kile.

Akasimama mama yako. Na kitambaa cha msiba kichwani, wala hakuitwa.

"Ndaga, asante, mheshimiwa. Bango hilo kaandika malehemu mwanangu. Kwetu sisi ni neno moja tu. Wewe wape kula wale watu, na sisi mwakani tutakupa kula. Usipowapa kula, kula yetu huioni."

Bupe! Wazee walirusha kofia. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mheshimiwa akatoa leso akajifuta uso, akisema, "Nimeelewa, mama, nimeelewa." Akaahidi lori. Akaahidi pia kusema bungeni kwamba nchi yetu isikae kimya jirani akiangamia. Sisi ahadi za jukwaani tunazijua, kwa hiyo tukalizunguka jukwaa na bango letu mpaka akataja siku, kwenye kipaza sauti kilekile. Na leo siku hiyo imefika, na lori limekuja kweli.

Lilipowasha injini niligeuka kukuambia, "Umeona?" Pembeni yangu alikuwa mama yako. Akanishika mkono.

Mheshimiwa bado hajasema bungeni. Redio ya duka haizimwi, na wenzetu wa kwaya na madrasa wanakuja kusikiliza kwa zamu. Akisahau, tutamfuata huko huko aliko, na marekani Baba anayo ya kutosha. Hilo nakuahidi. Mama yako nitampelekea sabuni uliyoisahau, na nyingine kila nikipita.

Pumzika kwenye migomba yenu, rafiki yangu, sisi tunaendelea. Ndaga fijo kwa yote. Na mwakani nitapanga foleni kwa mara yangu ya kwanza, nikikukumbuka, na nitapiga kula. Kwa L, Bupe, na atakayenicheka anicheke.

Mimi wako,
Zuhura