Mkurugenzi wa Pili

Griffith, 4 Julai 2022

Mwanangu Ornella,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Soseji za nyumbani tumezitundika zikauke wiki iliyopita. Carmelo alikuja kusaidia bila kuitwa, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri.

Alileta keki ya dukani. Kaka yako huyo hajaniletea keki tangu aoe. Akanikatia kipande kikubwa, akasema, "Mama, kuna sheria mpya. Kila mkurugenzi wa kampuni lazima aithibitishie serikali yeye ni nani, apewe namba ya maisha. Mwisho ni Novemba. Nipe pasipoti na namba yako ya kodi, nikufanyie."

Nikamuuliza, "Mimi mkurugenzi wa nini? Wa kuku?"

"Wa kampuni ya shamba, Mama. Unajua vizuri."

Najua vizuri. Nilitaka tu kumsikia anavyojibu. Akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Naandika barua kwa sababu simu yangu aliitengeneza yeye, na tangu siku hiyo naona inajua mambo mengi. Niulizie huko: hiyo namba ni ya kweli? Na mtu anaweza kumchukulia mwenzake?

Mama yako


Adelaide, 13 Julai 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, watoto wana mafua tu. Goti lipake ile dawa niliyokutumia, usimpe jirani.

Namba ni ya kweli. Lakini sikiliza: sheria inasema kila mtu aombe mwenyewe. Mtoto hawezi kumwombea mama, wala wakili, wala mhasibu. Carmelo lazima anajua, kwa hiyo jiulize pasipoti yako anaitakia nini.

Nililipa ada ndogo nikatazama daftari la usajili wa kampuni. Wakurugenzi ni wawili: wewe na Baba. Mama, Baba tumemzika mwaka wa tatu huu.

Halafu kuna fomu ya Machi mwaka huu. Anwani ya kampuni imehamishwa kutoka kwa mhasibu kwenda nyumbani kwako. Chini kuna saini: Saverio. Ya Baba, mwezi Machi.

Nani anashinda shambani, anajua karatasi zilipo na anataka mhasibu asizione? Usimpe kitu.

Mwanao,
Ornella


Griffith, 25 Julai 2022

Mwanangu,

Mimi mzima, nakuombea na wewe uwe hivyo. Pasipoti nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, iko kwenye friza chini ya maini. Carmelo hali maini.

Alikuja tena Jumapili. Sasa amesema anachokitaka: kuuza maji. Wenye mashamba ya lozi wanatafuta haki za maji ya mfereji kote huku, na za kwetu zina hati yake mbali na ya shamba. Anasema zabibu hazimlipi na mgongo umemwisha. Mgongo ni kweli, nimeuona. Lakini mizabibu ya baba yako bila maji ni kuni.

"Zinatakiwa saini mbili, Mama," akasema. "Yako, na ya atakayekaa kiti cha Baba. Kile kiti bado tu kiko kwa wakili, kama unavyoniambia kila mwaka?"

"Mawakili wana mambo mengi," nikamwambia.

Ile habari ya saini ya Machi, usimtajie kaka yako. Iache.

Mama yako


Adelaide, 3 Agosti 2022

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Mimi silali vizuri.

Niiache vipi? Mtu anatia saini kwa jina la maiti, na kuna maji ya kuuzwa. Nimetoa ile fomu ya bweni la chuo, aliyonisainia Baba nilipokuwa na miaka kumi na saba, nikailaza kando ya nakala ya Machi. Ule mkia unaorudi nyuma chini ya jina ni uleule. Carmelo amefanya mazoezi mpaka mimi mwenyewe ningedanganyika.

Nimeiandikia ofisi ya usajili barua. Nakupa hadi mwisho wa mwezi, kisha naiposti.

Ornella


Adelaide, 5 Septemba 2022

Mama,

Mwezi umekwisha na hujaandika. Nikipiga simu, hupokei.

Carmelo ndiye aliyenipigia. Hakusalimu. "Wewe ndiye uliyemfundisha Mama kuficha pasipoti? Unakitaka kiti, sema."

Nikamwambia kuhusu fomu ya Machi. Akasema, "Mimi? Saini yangu mwenyewe benki wanaikataa, niweze ya Baba? Muulize Mama."

Nakuuliza, Mama. Barua ya usajili iko mezani, ina stempu.

Mwanao


Griffith, 16 Septemba 2022

Mwanangu Ornella,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mizabibu imeanza kuchipua, na mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Baba yako hakujua kuandika. Alishika kalamu mbele za watu ili mkono usikae bure. Saini yake niliibuni mimi jikoni mwaka tuliofungua kampuni, na ule mkia nilijifunzia mgongoni mwa mfuko wa unga. Kila "Saverio" uliyowahi kuiona ni mimi.

Alipofariki, karatasi ziliendelea kuja za watu wawili, na mkono ukaendelea. Anwani niliihamisha mimi, barua zinifikie jikoni. Ningetangaza kifo, kiti kingekuwa wazi na Carmelo angekaa. Utasema ningekataa tu kutia saini yangu. Mwanangu, yule akiniegemea begani na ule mgongo wake, nasaini. Maisha yangu yote nimesema hapana kwa mdomo wa baba yenu. Mdomo wangu haujafundishwa.

Wiki iliyopita nikaitoa pasipoti kwenye friza, nikapiga simu kuomba namba. Kwa simu ya jirani. Binti aliyepokea aliniuliza maswali mpaka nikaanza kujitilia shaka mimi mwenyewe. Namba nikapewa. Akauliza, "Na mkurugenzi wa pili? Naye lazima aombe mwenyewe."

"Hawezi kuja kwenye simu."

"Atapatikana lini?"

Nikamwambia ukweli wote, hata Machi. Akasema niripoti kifo na kuhusu saini nieleze kwa maandishi, huenda nikatozwa faini. Nimefanya yote mawili. Kwa hiyo barua yako iposti ukitaka, mimi nimekutangulia.

Carmelo nilimwambia hapa mezani. "Yaani miaka mitatu ninamsubiri wakili," akasema, "na wakili ananipakulia supu." Kisha nikamwambia maji hayauzwi. Kwa mdomo huu. Sauti ilitoka nyembamba, lakini alisikia. Ameondoka bila keki wala kwaheri. Atarudi, ana njaa siku zote.

Sijui kama nitaweza kusema hapana mara ya pili peke yangu. Fomu ya kiti cha pili imo humu. Nimekujazia ninayoyajua. Pa saini nimepaacha wazi, na mkono uliniwasha. Ukikubali, kwanza uombe namba yako mwenyewe. Siwezi kukuombea.

Mama yako


Adelaide, 11 Oktoba 2022

Mama mpendwa,

Shikamoo, na goti lako pia. Ile barua nimeichana, stempu nimeibandika kwenye hii.

Namba nimepata. Fomu nimetia saini, irudishe kwa mkono wako. Carmelo nimempigia, alisema neno moja, siliandiki. Akipiga tena kuhusu maji, mwambie mkurugenzi wa pili hajakubali.

Nina swali moja. Ile fomu ya bweni. Baba alisema mezani, mbele yetu sote, kwamba binti wa nyumba ile haendi kulala mji mwingine. Asubuhi fomu ilikuwa imesainiwa. Nimeitunza miaka yote hii, nikijua usiku ule alibadili moyo.

Mwanao,
Ornella


Griffith, 20 Oktoba 2022

Mwanangu,

Mimi mzima. Mfereji umefunguliwa jana na maji yamefika mpaka safu ya mwisho. Carmelo alikuja kuyaelekeza. Hakunisalimu, lakini alikula.

Baba yako aliridhia. Ilimchukua miezi miwili kujua kwamba ameridhia.

Mama yako