Tundu la Juu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mgongo je, bado unakusumbua? Sisi tunapumua. Binti yangu amefungwa mkono kwa mbao, lakini anakula na jana alicheka.

Unajua mume wangu alipofariki aliacha lile trekta kuukuu, na shemeji akadai ni lake kwa kuwa wamezaliwa tumbo moja. Nilikataa. Nikamwendea Fundi Kimya, aliyepewa jina hilo na watani kwa sababu hafungi mdomo hata akiuma misumari, nikamwomba anifundishe. Alinilaza chali chini ya injini nitaje kila kitu kwa kukigusa: pampu, chujio, ekseli. Nilipokosea alinigonga kidole kwa bisibisi, akauliza kama napapasa trekta au natafuta pete. Injini ilizimika kila nilipoachia klachi, naye akasema chombo kina uzee wake, nisikitie presha. Mwishowe tukafika nyuma, kwenye kufunga jembe.

Shemeji alipopata habari alikuja na wanawe wawili. Ufunguo alikuwa nao binti yangu. Shemeji alimpinda mkono mpaka ukalia kama kuni kavu. Mimi alinipiga teke la tumbo, kisha akanikanyaga shavu kwa buti huku akiuliza ni lini nilimsikia mtetea akiwika. Wakaondoka na trekta.

Kesho yake alirudi nalo peke yake, aibomoe nyumba nisiwe na pa kukaa. Alilirudisha nyuma hadi barazani, akanitupia mnyororo, akaniamuru nifunge ncha moja kwenye nguzo na nyingine kwenye trekta. Haya, fundi wa kike, alisema, tuonyeshe ulichofundishwa. Hakushuka wala hakugeuka kutazama.

Nguzo ile mume wangu aliisimika kwa zege. Shemeji alikanyaga mafuta, akaachia klachi kwa ghafla. Mnyororo ulikaza, nguzo haikutikisika. Magurudumu ya mbele yakainuka, trekta likapinduka kinyumenyume likamlalia. Usukani ulimzama kifuani. Alikoroma kwa muda, dizeli ikimchuruzikia usoni, kisha akanyamaza.

Polisi wameandika ajali. Majirani wananionea huruma: maskini, mwanagenzi, angejuaje? Hasira yote imemwangukia Fundi. Wana wa marehemu wanasema alimfundisha mwanamke trekta bila kumwonya hatari zake, kwa hiyo muuaji ni yeye. Juzi waliichoma karakana yake. Kabla ya kuwasha moto walimbana mkono wa kulia kwenye jiliwa, kile chuma chake cha kubania vyuma mezani, wakazungusha mpini hadi vidole vikapasuka. Wameapa wakishamzika baba yao watarudi kummaliza.

Nilimkuta sakafuni kwake. Aliniambia, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba uzee umemwingia, huenda kweli alisahau kunifundisha lile.

Hakusahau, kaka. Ndilo somo aliloniapisha nisilisahau. Mzigo mzito huvutwa kwa chuma cha chini, kimo cha goti. Ukifunga kwenye tundu la juu, karibu na kiti, trekta litajipindua na kumlalia dereva. Ng'ombe ukimfunga vibaya atagoma, alisema, lakini trekta litakutii. Nilipoushika mnyororo nilikitazama chuma cha chini. Kilikuwa wazi, pini iko mahali pake. Nikafunga juu. Mpaka leo sijalia.

Mazishi ni keshokutwa. Kabla jeneza halijatoka nitasimama mbele ya wanawe na polisi niyaseme haya. Huenda nisitoke pale nikiwa mzima. Nimesikia unakuja kunitetea kwamba sikujua. Tafadhali, usilitamke neno hilo. Njoo uwachukue watoto wangu. Nguo zao ziko kwa jirani mshonaji. Kisha umpeleke Fundi hospitali, maana ule mkono umeanza kunuka.

Msalimie wifi sana. Mama usimfiche, ila mwambie akiwa ameshakula.

Ni mimi,
mdogo wako wa kike