Mbegu ya Mbarika Kwenye Uteo

Dada Mwende,

Nakuandikia nikiwa jikoni hapa Migwani, na leo nina jambo la kukuringia. Kwa mara ya kwanza maishani, nina jambo.

Hata jina lenye maana ya 'mpendwa' ulipewa wewe. Ulipokwenda ng'ambo kusomea kompyuta, kanisa lilikuombea kila Jumapili. Mimi niliyebaki na Mama, ng'ombe na mtungi, nani aliniombea? Nilikuonea wivu, dada. Umelala kaburini na bado nakuonea.

Unakumbuka ile Krismasi tukichagua ndengu? Nilikuuliza kazi yako ni gani hasa. Ukasema unaifundisha kompyuta kutambua magari ya jeshi kwenye picha za rada, zile zinazopigwa kutoka angani hata kukiwa na mawingu. Shida, ukasema, ni gari jipya. Ikiletewa gari ambalo haijafundishwa, inalibandika jina la lile inalolijua. Halafu ukatupa mbegu ya mbarika kwenye uteo wangu. Nikafoka, "Na hii nayo ni nini?" Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Ona, we unauliza. Yangu haiulizi. Nikiifunza kusema 'hii siijui', hapo ndio itaanza kujua." Na ulifaulu; ikawa inakiri haijui, kisha inajifunza jina jipya na yale ya zamani hayapotei. Huko walikupigia makofi, huku tukakuchinjia mbuzi. Mbuzi wangu.

Tangu tukuzike, Mama amepotewa na kumbukumbu. Nikimletea uji, ananiita Mwende. Nikimwogesha, Mwende. "Mwende, Mungu akubariki, umeacha kazi yako kubwa ukaja kuniosha miguu." Baraka zangu zote zinakuja kwako huko chini! Siku moja niliweka kikombe mezani kwa hasira kikavunjika mkono. Na bado niliitika.

Leo asubuhi nilikuwa namfunga leso. Akanishika kiganja, akapapasa sugu za jembe, akaniangalia sana.

"Wewe si Mwende," akasema. "Wewe ni wa nani?"

Dada, moyo wangu uliruka! Jirani aliyekuwa mlangoni alianza kufuta machozi, ati masikini, mama mzazi amenikana. Angejuaje? Mimi nilikuwa nimekuwa ile mbegu ya mbarika: Mama hakunibandika jina lako, aliuliza.

"Wako, Mama," nikamwambia. "Syombua."

Akalirudia polepole, Syombua, kama anayeonja chumvi. Kufika chai ya saa nne nilikuwa Mwende tena.

Nakulilia pia, usidhani. Natamani ungekuwepo nikuulize uliwezaje kuifunza ile kompyuta jina jipya bila yenyewe kusahau yale ya zamani. Maana sitaki Mama akusahau. Hata mimi si mbaya hivyo.

Basi pumzika, dada yangu. Nakuahidi kwamba kila asubuhi, kabla ya uji, nitamtajia Mama majina yetu yote mawili. Lakini nitaanza na langu.

Mdogo wako,
Syombua