Mazungumzo ya Ng'ambo ya Mto

Guangzhou,
12 Machi 2006

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo. Mimi huku ni mzima, mashaka yangu ni juu yenu tu. Goti lako linaendeleaje? Kaka Alphonce amemaliza kupalilia shamba la kivukoni? Nisalimie mjomba Benjamin na wote wanaoniulizia.

Barua hii anaileta Bimkubwa, yule mama wa Unguja anayenunua viatu vya jumla kule soko la Liuhua. Jumamosi ananichukua nimsemee Kichina. Jana nilimwambia mwenye duka, "Laoban, bosi wangu, tupunguzie kidogo," yule bosi akacheka, nami nikacheka. Bimkubwa akanivuta pembeni: "Mkalimani gani wewe, una huruma na muuzaji kuliko na mimi!"

Uliniuliza ninasoma nini hasa. Ninasoma habari za Wakriki, wenyeji wa kusini mwa Marekani, na mazungumzo ya amani kati yao na serikali ya Wamarekani ilipokuwa bado changa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Walowezi wa Georgia walikuwa wakiingia kulima kwenye ardhi ya Wakriki. Wakriki nao wakachoma nyumba na kuswaga farasi. Damu ikamwagika pande zote. Profesa Liang, msimamizi wangu, ameikubali mada hii kwa shingo upande. Anasema hajapata kuona Mwafrika anakuja China kusoma Marekani.

Niandikie, mama. Simu inakatika kabla hatujamaliza kusalimiana.

Mwanao,
Leokadia


Chamwale, Morogoro,
7 Mei 2006

Kwa binti yangu Leokadia,

Milele na milele, amina. Hujambo mama? Sisi tupo, ila uzima wetu wa mwaka huu si wa kujivunia. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ng'ombe wa wafugaji wa ng'ambo waliingia shamba la kivukoni, mahindi yakiwa yamebeba. Alphonce na wenzake wakaenda kuwafukuza. Yakatoka maneno, kisha fimbo, kisha chuma. Ndugu yako amechomwa mkuki pajani. Yuko hospitali mjini, madaktari wanasema mguu hautakatwa, Mungu ni mwema. Lakini kijana wa Mzee Kashu, mkubwa wao kule ng'ambo, alipigwa panga kichwani na vijana wetu, naye amekufa.

Sasa hapa kijijini kila nyumba inanoa. Ng'ambo nako wanalala na silaha. Wanawake tumeacha kwenda mtoni bila kuongozana. Serikali imeitisha mkutano baada ya mavuno, na mimi nimechaguliwa kuwa mmoja wa wasemaji, kwa kuwa shamba la kivukoni ni la ukoo wetu na mimi ndiye nilimaye.

Nikuambie kweli, moyo wangu haupo kwenye mkutano huo. Nikimwona Alphonce anavyouma shuka kwa maumivu, mimi mwenyewe natamani panga. Ila na yule mama wa ng'ambo amezika. Hao Wakriki wako walipatanaje? Niandikie kwa maneno ya kawaida, kama unavyonisimulia jikoni.

Mama yako


Guangzhou,
4 Juni 2006

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui hata niulize afya za nani kwanza. Barua yako niliisoma nimesimama mtaa wa Dengfeng, mbele ya mgahawa, watu wananipita na mizigo, nikashindwa kuondoka pale. Nilitaka kurudi siku ileile. Bimkubwa akaniambia, "Ukirudi utakuwa mtu mmoja zaidi wa kulia. Mama yako amekuuliza swali, mjibu." Basi najibu.

Mwaka 1789 serikali ya Wamarekani ilituma wajumbe watatu mpaka kwenye mto uitwao Oconee. Wakriki walikuja kwa mamia, wakapiga kambi ng'ambo ya pili. Kulikuwa na hotuba nzuri na sherehe. Kisha wajumbe wakafungua mkataba waliokwisha kuuandika, mpaka umeshachorwa, ardhi yote inayobishaniwa imeshakuwa ya Georgia. Wakriki walisikiliza kwa adabu, wakarudi kambini kwao. Kesho yake wakang'oa kambi wakaondoka. Wajumbe walituma ujumbe kuwabembeleza, lakini hawakurudi.

Mwaka uliofuata serikali ilimtuma mtu mmoja tu. Alisafiri mpaka nyumbani kwa kiongozi wa Wakriki, akala kwao, akasikiliza. Kiongozi huyo, ambaye baba yake alikuwa Mzungu, Mskoti, akakubali kwenda New York na wazee wenzake. Huko walipatana. Wakriki waliachia sehemu ya ardhi, serikali ikaapa kuilinda iliyobaki, wakashikana mikono mpaka viwikoni.

Sitaki kukudanganya, mama. Baadaye walowezi walivuka tena ule mpaka, kwa sababu kiapo hakikuwa na mlinzi. Lakini siku ile walipatana, na kwa muda watu walilala.

Mbusu Alphonce paji la uso. Akikataa, mbusu kwa nguvu.

Mwanao,
Leokadia


Chamwale,
25 Septemba 2006

Binti yangu,

Hujambo? Masomo yanakwendaje, na chakula cha huko umeshakizoea? Alphonce ametoka hospitali. Anatembea kwa mkongojo na ana hasira na kila mtu, hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Mkutano umevunjika, na umevunjika kama ule wa kwako wa Oconee. Ofisa aliyetumwa alifungua jalada, akasoma makubaliano yaliyochapwa tayari: mifugo isivuke mto tena. Mzee Kashu alisikiliza mpaka neno la mwisho. Akauliza, "Na maji?"

Ofisa akasema, "Hilo litaangaliwa."

Mzee akaokota fimbo yake. Wakasimama wote wakaondoka, hawakumtukana mtu. Vijana wetu wakashangilia, wanadhani tumeshinda. Mimi sikushangilia. Nilijua kinachofuata, na kweli wiki ile ile ghala la jirani likaungua.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika habari za baba wa yule kiongozi, kwamba alikuwa Mskoti. Wakriki walikubalije mtoto wa mgeni awasemee? Mama yake alikuwa nani? Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama. Baba atoke popote, ardhi na jina la ukoo vinapita kwa mama. Isije ikawa nao walikuwa hivyo, nawe unamtafuta mtu huyo upande ambao hayupo.

Nimeamua jambo, lakini siliandiki, maana mjomba wako akilisikia atanifungia ndani. Nikikaa kimya usiogope.

Mama yako


Guangzhou,
18 Juni 2007

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mara nyingi, kwa miezi yote hii. Kutoka kwako nina ujumbe mmoja tu wa simu: "Wote wazima, nitaandika yakiisha." Nimeusoma mpaka nimeuchosha. Natumaini yameisha. Kama hayajaisha, pokea hata hivyo furaha yangu, huenda ikakusaidia.

Nimefaulu, mama! Nimetetea tasnifu yangu Alhamisi iliyopita, na nimefaulu kwa alama za juu kabisa.

Lile swali lako lilinipindua. Nilikuwa nimeshasoma kwamba mama wa kiongozi yule alikuwa wa ukoo wa Upepo, mkubwa kati ya koo za Wakriki, na kwamba kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Nilikuwa nimeliweka chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Baada ya barua yako niliirarua sura ya tatu nikaandika upya. Wajumbe wa serikali waliona mtoto wa Mskoti, wakadhani wanazungumza na mtu wa kwao. Wakriki walimwona mtoto wa mama yake, ndiyo maana walimtuma. Na mashamba yale yaliyobishaniwa yalilimwa na wanawake, lakini mtoni hakuna mjumbe aliyeuliza wanawake lolote. Profesa Liang alisoma sura ile mara ya kwanza akanirudishia bila neno. Mara ya pili akanipigia simu: "Njoo. Sasa umeandika kitu."

Siku ya kutetea, ukumbi ulijaa. Bimkubwa alifunga kazi zake zote, ingawa kontena lake lilikuwa linapakiwa bandarini Huangpu, akaja amevaa kanga mpya, akaketi mbele kabisa kama mama wa bibi harusi. Profesa mmoja mgeni aliniuliza, "Wewe ni Mtanzania, uko Guangzhou. Wakriki wanakuhusu nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la kitabuni. Likanitoka lingine. Nikamwambia kwa Kichina, "Kwa sababu mwaka jana kaka yangu alichomwa mkuki kwenye mto wa kwetu, na kijana wa ng'ambo akafa. Mama yangu ni msemaji wa kijiji. Aliniuliza watu hawa walipatanaje, nikaona sina haki ya kusoma jambo nisiloweza kumweleza mama."

Yule profesa alivua miwani. Akasema, "Na mama yako amefanikiwa?"

Nikasema, "Sijui bado."

Walipotangaza matokeo Bimkubwa alipiga vigelegele, wazee watatu wa chuo wakaruka vitini. Halafu na wao wakapiga makofi.

Nakuja nyumbani Septemba. Niambie nakuja kwenye nini.

Mwanao,
Leokadia


Chamwale,
30 Agosti 2007

Kwa Leokadia, msomi wangu,

Hujambo mama? Barua yako Alphonce aliisoma kwa sauti uani. Mjomba Benjamin akataka irudiwe, kisha akasema alijua tangu ulipokuwa mdogo. Hakujua lolote, lakini tumwache afurahi.

Yameisha. Sasa naandika.

Baada ya mkutano kuvunjika nilimchukua wifi yangu Clementina, tukavuka mto mchana kweupe, mikono mitupu, mpaka bomani kwa Kashu. Vijana wao walisimama na mikuki. Nikaomba kumwona mama wa marehemu. Anaitwa Nalang'u. Alitoka, hakunisalimu.

"Umekuja kuomba nini?"

"Sijaja kuomba. Nimekuja msibani. Nimechelewa."

Akaniuliza, "Wako anatembea?"

"Anachechemea."

"Wangu hatembei."

"Najua. Ndiyo maana nimevuka mimi kwanza."

Akaketi chini. Nami nikaketi. Tukalia, mama, kila mtu kwa lugha yake. Kabla hatujaondoka akatupa maziwa.

Nilikwenda tena na tena. Yeye akaja kwangu. Wanaume walituita wendawazimu, kisha wakaanza kutuuliza yule mwenzako anasemaje. Mwisho tukazungumza rasmi mtoni penyewe, kwenye mchanga, wakati maji yamepungua, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni. Yule ofisa alirudi, safari hii na karatasi tupu. Alisema, "Semeni, mimi nitaandika." Namheshimu kwa hilo.

Yalikuwepo makali. Vijana wetu waliompiga panga yule kijana wa Kashu walijitokeza wenyewe, na aliyemchoma Alphonce naye pia, kesi zao ziko mahakamani. Mimi nikasema shamba la kivukoni litoe njia ya ng'ombe kufika majini, kila mwaka mavuno yakishaondoka. Mjomba wako akasimama: "Ardhi ya ukoo haigawiwi!" Nikamjibu, "Haigawiwi, kaka. Inapitwa." Wanawake wa ukoo wakainuka mmoja mmoja, wakaja kusimama nyuma yangu. Akatutazama, akaketi.

Nao wakaapa kwamba mahindi yakiwa shambani hakuna mfugo utakaovuka. Na kwa kuwa uliniandikia kiapo chataka mlinzi, tukaweka walinzi wa njia, nusu wao, nusu wetu. Alphonce ni mmoja wao. Aliomba mwenyewe.

Juzi njia ilifunguliwa. Watu walijaa kingo zote mbili, hakuna aliyekuja na panga, hakuna aliyekuja na mkuki. Kundi lilitokea juu, vumbi limetanda. Alphonce akatangulia na mkongojo wake, na mdogo wa yule kijana aliyeuawa akafunga nyuma. Mabua yalikuwa kulia na kushoto, na ng'ombe hata mmoja hakutoka njiani. Walipofika majini wakainamisha vichwa. Kijiji kizima na boma zima tulikaa kimya tukiwasikiliza wakinywa.

Kisha Nalang'u, kando yangu, akaanza wimbo wa kwao. Wanawake wa Chamwale hatujui hata neno moja la wimbo ule. Tuliitikia wote.

Mama yako,
Martina