Kulinda Boya

Jumatatu, 4 Agosti
Tena bwawani. Bodaboda hadi njia ya Ludara, nikashuka penye mihogo, nikatembea. Tangu likizo ianze bwawa halijanipa samaki hata mmoja. Chambo ni kumbikumbi, wamenona kuliko mimi. Boya nimelichonga mwenyewe kwa bua la mtama. Nimekaa ukingoni nikilitazama hadi mgongo ukakataa. Limetulia tuli. Nilipovuta, ndoano tupu. Ngege, samaki wa huku, ni wezi.

Macho yanauma. Miaka mingi ya kuendesha basi la usiku, Koboko hadi Kampala. Nimechoka hoi. Ndiyo maana bosi kanipa likizo.

Jumanne, 5 Agosti
Ndoano tupu tena. Nimenunua nyingine, ndogo zaidi, na kumgombeza mwenye duka kwa zile za kwanza. Tupu vilevile. Zena, mke wangu, alicheka aliponiona na kapu jepesi. Kanunua mukene, dagaa wakavu, sokoni, kawapika na karanga. Nimekula kimya. Mtu mzima mimi, nimewanunia samaki.

Jumatano, 6 Agosti
Mvua. Sikwenda. Nimelala mchana kutwa, bado nimechoka.

Bosi kapiga simu. Jumapili nirudi kazini, abiria ni wengi. Nikasema sawa. Kisha nikaogopa. Siku hizi taa za magari yanayokuja zinanitawanyikia usoni, barabara siioni vizuri. Nimekuwa nikisema ni uchafu wa kioo. Kioo nakifuta kila safari.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo Zena kanifuata bwawani, na maharage yake ya kuchambua. Tumekaa. Mara kasema:

"Baba Yasini, samaki iko nakula."

"Wapi? Boya iko pale, imetulia."

"Ile si boya. Ile jani."

Nilikuwa nalinda jani. Boya langu lilikuwa pembeni kabisa, linazama na kuibuka, linazama na kuibuka. Nikavuta. Tupu.

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Na barabara, wewe naona?"

Nikamwambia achambue maharage yake. Nilimkaripia. Njiani nikatangulia mbele.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya sala nimekwenda peke yangu. Boya jipya, kipande cha ndara nyekundu, kikubwa. Nikatupa umbali uleule. Nikaona wekundu ukiruka, ukatua, ukapotea. Maji tu. Nikafumba jicho moja, kisha la pili. Maji tu.

Sikuvua. Niliwafikiria abiria wangu. Akina mama na watoto mapajani, vichwa vimeegemea dirisha, wanakoroma kabla hata hatujafika Arua. Wanalala kwa sababu mimi niko macho.

Nimelia. Hakuna aliyeniona. Bila basi mimi nani? Mji mzima unaniita Dereva.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimempigia bosi. Nimemwambia sioni vizuri, siendeshi. Kafoka: dereva mwingine atamtoa wapi leo kwa kesho? Ana haki ya kufoka. Lakini nimesema.

Jumanne Zena atanipeleka Arua, kwa daktari wa macho. Labda ni miwani tu. Labda sitaendesha tena. Sijui.

Mchana nikarudi bwawani kwa sababu nyumbani hakukaliki. Boya nimeling'oa, nikalitupa. Uzi nimeuzungusha kidoleni, nikafumba macho. Muda mrefu hakuna kitu. Kisha kidole kikadonolewa. Nikangoja. Kikavutwa, nami nikavuta.

Ngege mmoja. Mnene.

Jumapili, 10 Agosti
Nimempara samaki uani. Zena kawasha sigiri ya mkaa. Nilimwomba radhi kwa ile ya Alhamisi, kasema nimpe kisu, naacha magamba mengi.

Jioni basi likapita barabarani kuelekea Arua. Honi ileile. Huyo aliyekalia kiti changu anabadilisha gia mapema mno penye mwinuko, nimesikia injini ikilalamika. Nilisimama na samaki mkononi mpaka mlio ukaisha.

Gia atajifunza. Macho anayo.

Zena kaniwekea kichwa cha ngege. Nimekifyonza chote. Jua limezama na sina pa kwenda. Usiku huu nalala kama abiria.