Dawa ya Mwanga na Mayai ya Ndeshi

Jumatano, 17 Aprili 1996
Nimegeuza mayai asubuhi, kama kawaida. Alama za penseli juu, jioni chini. Mke wangu Ndeshi alizichora mwenyewe, siku chache kabla hajafa. Mchana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Saketi inayowasha na kuzima taa za sanduku la kutotoleshea imeungua. Ubao wake umekuwa mkaa. Niliutengeneza mwenyewe hapa nyumbani, sitaupata duka lolote Moshi. Lazima nitengeneze mwingine. Haya ndiyo mayai yake ya mwisho.

Alhamisi, 18 Aprili
Kupaka dawa ya mwanga, ile inayoshika mchoro wa saketi ikipigwa jua, ilikuwa kazi ya Ndeshi. Alimimina katikati ya ubao wa shaba, akauinamisha huku na huku, kama anapika chapati za maji. Leo ni zamu yangu. Nimepaka, nikaanika juu ya jiko la kuni, pale tunapokaushia mahindi. Upumbavu. Dawa imefanya malengelenge, masizi yameganda. Nimefuta yote.

Mayai tunayapasha kwa chupa za maji ya moto. Aikande, mdogo wake Ndeshi, amekuja kusaidia. Ananiambia, "Shemeji, yakaange ule, ulale. Dada alitaka vifaranga, hakutaka matanga mawili." Nilicheka. Kisha nikaenda migombani nikalia.

Ijumaa, 19 Aprili
Nimekausha kabatini, gizani. Tabaka jembamba, safi. Nikaweka mchoro juu, nikafunika kioo, nikatoa nje ili jua lichome dawa isiyofunikwa na wino. Jua gani? Machame nzima ni ukungu. Nilisubiri mpaka nikachoka. Kwenye maji ya kostiki, yanayoondoa dawa iliyochomwa na jua, haukutokea hata mstari mmoja.

Dawa iliyobaki inatosha kupaka mara moja. Chupa za maji zinapoa upesi. Nimekata tamaa. Leo sikusali.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimepaka ya mwisho. Nimeufunga ubao kwa kitambaa cheusi cha msiba, nikashuka nao hadi Mabogini, tambarareni. Kule jua lipo. Nikauweka, mchoro na kioo juu yake, kwenye tuta la shamba la mpunga, nikakaa kando yake. Mzee mmoja akasimama. Nikamwamkia shikamoo.
"Marahaba. Unaanika dagaa?"
"Ubao, babu."
"Haya. Angalia usikauke wewe."

Nyumbani nimeuosha kwa kostiki. Mchoro umetoka wote. Ndeshi angepiga vigelegele.

Jumapili, 21 Aprili
Sikwenda kanisani. Nimeuzamisha ubao kwenye tindikali ile shaba isiyo na mchoro, nimetoboa, nimechomelea vipande vyake kwa risasi. Aikande anabadilisha chupa.

Jumatatu, 22 Aprili
Saketi inafanya kazi. Joto likitosha taa zinazimika, likipungua zinawaka.

Nimeyamulika mayai kwa tochi, moja moja. Hakuna lenye kifaranga kinachocheza ndani. Yalipoa mno. Aikande amelia akijilaumu. Nimemwambia hakukosa kitu.

Nimeyafukia mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba, mbali na kaburi lake. Sikutaka Ndeshi ajue.

Aikande ameuliza kama azime sanduku. Nimemwambia aliache kidogo.